Tumbo joto la kungoja chuo

Binti wa Kibokoni, hapa Mombasa, aliletwa kwangu na mamake. Mama ndiye aliyeanza kusema: "Bi, huyu hali, halali, simu haimtoki mkononi. Tumemsomea, tumemfukizia ubani, hali ni ile ile." Binti alikuwa ameomba kusomea uuguzi, na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, lilikuwa bado halijatoa majina. Nikamuuliza huifungua tovuti yao mara ngapi kwa siku. Akamtupia mamake jicho, kisha akanong'ona: "Sijahesabu. Labda arubaini."

(Nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Mji wetu mdogo.)

Mimi ni mshauri nasaha, na vijana wa namna hii huwaona kila mwaka. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hutoka Januari, vyuo hufungua Agosti au Septemba, na katikati hapo kuna miezi ambayo mtoto hana la kufanya ila kungoja watu asiowajua waamue atakwenda wapi. Nyumbani huambiwa subira yavuta heri. Sina ugomvi na methali hiyo. Ila mtoto ambaye moyo unamwenda mbio saa nane za usiku akiambiwa hivyo, anachosikia ni kwamba wahaka wake ni upungufu wa imani. Alikuwa na mzigo mmoja, sasa ana miwili.

Marekani kuna mtafiti wa saikolojia, Kate Sweeny, wa Chuo Kikuu cha California huko Riverside. Yeye na wenzake waliwafuatilia wahitimu wa sheria waliokuwa wakingoja miezi minne matokeo ya mtihani wa uwakili. Wengine walijitia matumaini, wengine walijizuia kuwaza, wengine walijishughulisha. Mbinu hizo hazikuwaondolea dhiki kama walivyotaraji. Zaidi ya hapo, wale waliohangaika sana ndio walioyapokea matokeo vizuri: walioanguka walikuwa wamekwisha kujiandaa, na waliofaulu walifurahi kupita wenzao. Utafiti wao ulionyesha pia kwamba wasiwasi huwa juu mwanzoni, hupoa katikati, kisha hupanda tena siku zikikaribia. Kwa hivyo mwanangu, ikiwa Aprili ulikuwa umetulia na sasa mikono inatetemeka, hujaharibikiwa. Ndivyo kungoja kulivyo.

Kuna jaribio jingine ninalopenda kuwasimulia wazazi. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwachezesha watu 45 mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe. Ukikuta nyoka chini ya jiwe, unapigwa shoti ya umeme mkononi. Wasiwasi haukuwa mkubwa zaidi pale mtu alipojua kwamba shoti haina budi kuja. Ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Mwili wa binadamu huona afadhali baya la hakika kuliko la huenda.

Sasa litazame hilo kwa macho ya mtoto wa KCSE. Kila kozi ya digrii ina masomo yake manne, na pointi zinazotokana nayo, ziitwazo za klasta, hukomea 48. Tovuti humwonyesha kozi hiyo ilikatia wapi mwaka uliopita. Namba hiyo si ahadi, ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyeingia mwaka ule, basi. Mwaka huu wakiomba wengi wenye alama za juu, inapanda. Tuseme kozi ilikatia 38. Mwenye 44 analala, na mwenye 30 ameshaanza kufikiria kozi nyingine. Anayekesha ni yule mwenye 38 na nukta kidogo. Mara nyingi mtoto anayetetemeka si dhaifu wala si mzembe, ila amesimama juu ya mstari wenyewe. Wazazi wengi sijui kwa nini hili huwashangaza.

Turudi kwa binti na mara zake arubaini. Kuifungua tovuti kila saa ni kama mvuvi anayeinua mshipi kila dakika kutazama kama samaki amekula. Ukifungua ukakuta bado, unapata nafuu ya dakika mbili: angalau sijakataliwa. Nafuu hiyo ndogo ndiyo inayomfundisha mkono kurudi tena. Sikumwambia aache kabisa, maana asingeweza na angenidanganya. Tulikubaliana mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na baada ya alasiri. Usiku simu inalala chumbani kwa mama.

Halafu nikampa saa ya wasiwasi. Usicheke. Ni njia iliyojaribiwa na Thomas Borkovec na wenzake huko Pennsylvania, wakaiandika mwaka 1983. Unajitengea nusu saa kila siku, wakati ule ule na mahali pale pale, uwaze yote unayoyaogopa. Wazo likikujia nje ya saa hiyo, unaliandika kwenye karatasi na kuliambia lingoje zamu yake. Binti alichagua juu darini, kabla ya magharibi. Wiki ya pili alikuja akilalamika kwamba ikifika dakika ya kumi anakosa la kuwaza.

Mapigo ya moyo yakizidi, vuta pumzi kwa pua polepole, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Pumzi ndefu ya kutoka huupunguzia moyo kasi. Dakika tano zatosha. Na vijana wa kiume, tuambiane ukweli: muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, hauwasaidii. Kaunti yetu iliupiga marufuku Mei 2024, mambo yakaishia mahakamani, na siingii huko. Ninachojua ni kwamba majani yale huchochea mwili, huukimbiza moyo na kufukuza usingizi, na hayo matatu ndiyo yaliyokuleta kwangu. Kahawa chungu ya jioni nayo ipunguze.

Kilichomsaidia binti kuliko maneno yangu yote ni kofia. Nyanyake hushona zile za mkono, za viua, kazi ya kuhesabu nyuzi. Sweeny na wenzake waliona kwamba shughuli inayokumeza mpaka ukasahau saa ndiyo hurahisisha kungoja. Kutazama video hakufai, kwa sababu akili inabaki na nafasi ya kutangatanga. Iwe kazi ngumu kiasi, ambayo ukikosea unaona papo hapo. Kwa kijana wa Likoni niliyemshauri mwaka juzi ilikuwa kurekebisha injini ya pikipiki ya mjombake.

Kuna jamaa pia. Kila harusi, kila hitma, "Vipi, umepangiwa wapi?" Mama achukue kazi ya kujibu. Na mtoto awe na jibu moja fupi: "Bado, ami. Yakitoka mtasikia." Kisha apakue wali.

Mlango wa pili utafuteni sasa, kabla majina hayajatoka. Mimi nilingoja zama za barua. Yangu ilikaa wiki tatu kwenye droo ya ofisi moja ambayo siitaji, na kwa wiki tatu niliamini nimekosa. Hakuna aliyeniambia kuna njia nyingine. Leo ukikosa ulichotaka, KUCCPS hufungua awamu nyingine ya maombi, na aliyepangiwa asikopenda anaweza kuomba uhamisho. Kaeni chini na kalamu: Chuo Kikuu cha Ufundi hapa Tudor kina nini, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi je, diploma inaweza kupanda kuwa digrii kwa njia gani, karo itatoka wapi. Mwenye majibu hayo mkononi hangoji kwa hofu ile ile.

Lakini mtoto akipoteza usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili, akijitenga, au akisema heri asiwepo, hayo si ya kusubiri matokeo. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali au pigeni 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Siku ya majina, fungua ukiwa na mtu mmoja unayemwamini, si ukumbi mzima. Jipe saa moja kabla ya kumpigia yeyote simu.

Binti siku hizi analala. Juzi mamake alinipigia, nikadhani majina yametoka. Alitaka kujua kama ile nusu saa ya darini hupewa kina mama pia. Nimemwambia aje Jumatano.