Benchi la kliniki na wajawazito wa miezi inayokaribiana

Mimi ni mkunga, na kila siku ya kliniki naona jambo lilelile: mjamzito hukaa saa tatu kwenye benchi, bega kwa bega na wenzake wa mtaa mmoja, kisha huingia ndani kwa dakika 10, hupimwa presha na mkojo, hujaziwa kadi, akarudi nyumbani bila kulijua hata jina la aliyekaa naye.

Kuna utaratibu wa kliniki ya vikundi, ulioanzishwa Marekani miaka ya 1990 na mkunga Sharon Schindler Rising, ambao huwakutanisha wanawake 8 hadi 12 wenye mimba za umri unaokaribiana. Kila mmoja hupimwa faragha pembeni, kisha wote huketi duara na kuzungumza. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikubali utaratibu huo utolewe kwa wanaoutaka, kwa sharti kwamba uambatane na utafiti makini.

Faida yake niliielewa siku mama mmoja katika kikundi ninachokiendesha aliposema, kama anayetania, kwamba kichwa kinamgonga na machoni anaona vimulimuli. Kabla sijafungua mdomo, jirani yake alimshika mkono akamwambia kuwa yeye alianza hivyohivyo katika mimba ya kwanza, akaishia kuanguka kifafa cha mimba. Dalili hizo nilikuwa nimezitaja kila wiki, nao wakiitikia kwa adabu tu. Siku hiyo hakuna aliyesubiri zamu, presha ikapimwa palepale.

Si kila jambo ni la kuletwa kwenye duara. Majibu ya vipimo, hasa cha virusi vya UKIMWI, hubaki kati yangu na mhusika, na hilo hulisema mwanzoni kabisa.

Akina baba huja kwa kusitasita, na wengi husimama mlangoni mpaka yafikiwe maandalizi ya siku yenyewe: nani atabaki na watoto, nani atakuwa tayari kuchangia damu, usafiri utatoka wapi. Hapo ndipo huvuta viti. Dereva wa bajaji anayekubali kuamshwa saa nane za usiku tulimpata hivyo. Ni shemeji wa mmoja wao, na namba yake sasa imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi 11.