Je, wajua kwa nini jua linamdhuru mtu hata akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa?

Mtu akisema jua linamuumiza ngozi wengi wanaona ni madeko tu, hasa kama ngozi yake ni nyeusi, si tumezoea kwamba mweusi na jua ni ndugu. Hapana aisee. Melanini, ile rangi inayofanya ngozi iwe nyeusi, inapunguza kuungua, ila magonjwa ya ngozi yanayoamshwa na mwanga hayachagui rangi, tena kwenye ngozi nyeusi ule wekundu hauonekani vizuri, unaona weusi uliokolea au rangi ya zambarau hivi, ndo maana wengine wanapakwa dawa za fangasi weee mpaka wanachoka.

Sasa kioo. Jua lina mionzi ya UV tusiyoiona kwa macho, UVB na UVA. Kioo cha kawaida kinazuia karibu UVB yote, ile inayobabua, lakini UVA nyingi inapita. Cha mbele cha gari kinajitahidi kwa sababu ni vioo viwili vimegandishwa na plastiki katikati, vya pembeni mara nyingi sivyo, kwa hiyo mwenye ugonjwa unaoamshwa na UVA anasafiri AC inapuliza raha mustarehe, jioni mkono wa upande wa dirisha umejaa vipele na anaanza kulaumu sabuni.

Hii tunayoita "aleji ya jua" ni kapu, ndani yake kuna magonjwa tofauti kabisa, na daktari anayejua kazi yake atakuuliza kitu kimoja mapema sana: ilichukua muda gani? Ukivimba vimba ndani ya dakika chache kama umeguswa na upupu, afu ukikaa kivulini inapotea baada ya saa moja mbili, hiyo ni atikaria ya jua. Vipele vikitoka baada ya saa kadhaa au kesho yake, vikakaa siku kadhaa vikaondoka bila kovu, hapo anafikiria ule mzio wa mwanga ambao ndo wa kawaida kuliko yote, na unapenda sehemu ambazo kwa kawaida zimefunikwa, kama kifua na mikono ya juu, uso ulishazoea. Mtoto analia ngozi inachoma kama moto na ukimwangalia huoni kitu? Usimgombeze. Inaweza kuwa pofiria, damu yake ina kemikali inayowaka kwa mwanga wa kawaida tu tunaouona, wala si UV, na mwanga huo unapita kwenye kioo na hata kwenye sanskrini (mafuta ya kujikinga na jua) nyingi. Damu ya kupima pofiria inabidi ifunikwe isipigwe na mwanga, la sivyo majibu yanaharibika.

Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, ndo mjanja zaidi. Baka linaweza kutokea siku kadhaa au hata wiki baada ya jua, wewe ulishasahau ulienda wapi, afu likaganda wiki nyingi. Kukiwa na viungo kuuma, vidonda mdomoni au nywele kukatika, damu ipimwe, wakati mwingine wanakata na kipande kidogo cha ngozi. Na utaje dawa zote unazotumia, maana antibayotiki ya doksisaiklini au hata kidonge cha presha cha kupunguza maji kinaweza kuwa ndo mchawi (ila usiache mwenyewe, uliza kwanza). Mimi ningeongeza: piga picha, maana upele una tabia ya kupotea siku ya miadi.

Kuishi nayo ni nguo kwanza, shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana na kofia pana, sanskrini baadaye. Ile namba ya SPF kwenye chupa ya sanskrini inapima zaidi kinga dhidi ya UVB, kwa hiyo angalia kama wameandika na UVA, na pakaa ya kutosha, wengi tunapaka nusu ya inavyotakiwa au chini ya hapo, afu rudia kila saa 2. Mwenye pofiria anahitaji ile yenye rangi, ya oksidi ya chuma. Lupasi mara nyingi inapewa haidroksiklorokwini, inachukua miezi kufanya kazi na macho lazima yapimwe, na sigara inaharibu mambo. Ukijificha jua sana uliza pia kuhusu vitamini D.

Ila wale wa ule mzio wa mwanga, wa kawaida kuliko yote, wana bahati ya ajabu, dawa ya moto ni moto: hospitalini wanapigwa mwanga wa UV kidogo kidogo kwa wiki kadhaa kabla ya msimu wa jua kali mpaka ngozi inazoea. Mwenye lupasi asijaribu hiyo kabisa, kwake mwanga huohuo ndo unaowasha ugonjwa.