"Moshi mweusi" wa chini ya bahari si moshi

Juzi tulikuwa tunasubiri daladala Sanawari, mpwa wangu akanisogezea simu. "Anko, ona, bahari inaungua." Mnara wa mawe gizani, kitu cheusi kinabubujika kutoka kileleni, na msimulizi anasema moshi, mara majivu. Nimelisikia hilo mara nyingi mno sasa.

Kwa kifupi, ile ni chemchemi. Maji ya bahari hupenya nyufa za sakafu, hasa pale mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya gamba lake, yanapoachana, yakashuka hadi kwenye mwamba wenye joto kali. Huko hupoteza oksijeni, hugeuka tindikali na kuyeyusha shaba, zinki na chuma kutoka mwambani. Hurudi juu yakiwa na nyuzi joto 350 au zaidi, na hayachemki kwa sababu uzito wa bahari umeyakandamiza.

Nilimwomba mpwa asimamishe video mdomoni kabisa mwa mnara. Pale maji ni maangavu kama kioo. Weusi unaanzia juu kidogo, yanapokutana na maji ya nyuzi 2: metali iliyokuwa imeyeyuka, haionekani, inaungana na salfa na kuganda kuwa punje ndogo mno. Weusi ni punje hizo, basi.

Sasa neno lenyewe. Moshi kwa Kiswahili ni mtoto wa moto. Ndiyo maana tunasema pafukapo moshi pana moto. Lazima kitu kiungue, na kuungua kunataka oksijeni, ambayo maji yale yamekwisha kuipoteza. Jina tulilipokea kwa wanasayansi. Mwaka 1979, ndani ya nyambizi Alvin, mita 2,600 hivi chini ya bahari nje ya pwani ya Meksiko, waliikuta minara hiyo, na plastiki ya kipimajoto chao ikayeyuka. Kwa aliyeiona mara ya kwanza, kuifananisha na moshi ilikuwa haki yake. Sisi tulitafsiri mfano huo tukausahau kuwa ni mfano. Hata ukiuita mnara "dohani" hujatoka hapo, maana neno hilo limetokana na Kiarabu *dukhan*, yaani moshi uleule.

Na sisi wa Arusha tusingepaswa kupotea hapa. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Meru huyeyusha floraidi, na wengi tuliokulia huku tunaibeba kwenye meno ya kahawia. Ukiyachota, ndooni ni safi, huoni kitu. Mwamba umo ndani yake.

Tofauti hii ina uzito, kwa sababu anayesikia moshi anafikiri kitu kimeungua kikaisha. Kumbe pale kitu kinajengwa. Sehemu ya punje huchukuliwa na mikondo, nyingine huganda ukutani mwa mnara; mnara huanguka, mwingine huota juu ya kifusi chake, na lundo hilo ndilo mbale, yaani mawe yenye madini, ya shaba na zinki. Shaba iliyochimbwa Saiprasi tangu kale ilitokea hivyo, kwenye mwamba uliokuwa sakafu ya bahari.

Ukikuta "moshi mweusi" kwenye daftari la mwanao, usilikate kwa kalamu nyekundu, ni jina lililokwisha kuzoeleka. Mwandikie tu pembeni: chemchemi.