Kuusoma mto uliokauka

Kazi yangu ya kwanza ya haidrolojia (elimu ya maji) hapa Mombasa ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta madaftari ya vipimo vya mto mmoja wa msimu, bara ya Kwale. Kurasa za Mei zilijaa tarakimu, asubuhi na jioni. Julai zikapungua. Kuanzia Agosti kurasa zilikuwa nyeupe. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akinifundisha niandike nini. "Ruka tu," akasema, "mto ulikuwa hauna maji." Nikaruka.

Baadaye sana nikatambua kosa letu. Nyingine kati ya kurasa zile zilikuwa siku ambazo mto ulikauka kweli, na nyingine ni siku ambazo msoma vipimo hakufika, kwa ugonjwa au kwa msiba. Kwenye kompyuta zote zilikuwa kitu kimoja, na hakukuwa na njia ya kuzitenganisha tena. Tangu siku hizo nimeshikilia jambo moja: mto mkavu upimwe kama mto, kila siku, sawasawa na ule unaotiririka.

Wala si mito michache. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kuwa kati ya asilimia 51 na 60 ya urefu wa mito yote duniani husimama kutiririka angalau siku moja kwa mwaka. Kwetu Pwani hilo halishangazi. Ukiiacha Sabaki, mito mingi anayoijua mtu wa Mombasa, kama Mwache na Kombeni, huja na masika, hurudi na vuli, na katikati hapo ni mchanga na mawe.

Sababu iko ardhini. Kisiwa chetu na ukanda wa ufuoni ni mwamba wa matumbawe, unaonyonya maji. Ukipanda nyuma ya Changamwe unaingia kwenye mwamba laini wa tope lililogeuka jiwe zamani, na huo haunyonyi karibu chochote. Mvua ikipiga, maji yanateleza juu yake na kufika baharini kwa muda mfupi, yakiwa mekundu. Hakuna hazina kubwa chini ya kilima ya kuulisha mto baada ya mvua kukatika. Linganisha na Shimba Hills: pale mchanga-mwamba unashika maji na kuyatoa pole pole, ndiyo maana chemchemi za Marere hutoka hata kiangazi.

Sasa njoo kwenye mchanga wenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapouhukumu mto vibaya. Nilimkuta mama mmoja wa Kiduruma akichimba kisima katikati ya mto, kwa kata na mikono. Maji yalipotokea nikainamia kuchota sampuli, akanizuia. "Hayo ya kwanza ni ya ng'ombe, mwanangu. Yatoe, ungoje yaje mengine." Alichokuwa akikifanya ni kile tunachokifanya kwenye visima vya utafiti: unatoa maji yaliyotuama, unangoja yanayopenya kutoka pembeni, ndipo unapima.

Mchanga mnene, wenye chembe kubwa, hutoa kiasi cha robo ya ujazo wake kuwa maji. Piga hesabu: kipande cha mto chenye urefu wa mita 100, upana wa mita 10 na kina cha mita 1 cha mchanga uliolowa kinabeba lita 250,000 za kuchotwa, yaani mitungi 12,500 ya lita 20. Maji hayo jua haliyafikii kwa urahisi. Lambo lililo wazi hupoteza karibu mita 2 za kina kwa mwaka kwa mvuke, lakini maji yakishuka chini ya mita moja ndani ya mchanga, mvuke hupungua mno. Kwa hiyo lori la tani 10 linapoondoka na mchanga kwenda kwenye ujenzi mjini, linaondoka na chombo cha kuhifadhia mitungi kama 75, kila msimu, miaka nenda miaka rudi. Ninaona lori hilo kwa uchungu kila ninapopita barabara ya Mazeras.

Na kuna viumbe. Katika vidimbwi vya msimu vya Pwani wamo samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius. Kidimbwi kikikauka wote hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope kavu kwa miezi, yakisubiri mvua. Mtu anayejaza kifusi kwenye "shimo kavu" anafukia kizazi kizima asichokiona.

Sheria nayo ina shimo lake. Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 zilisema akiba ya mto, yaani maji ya kuachiwa mahitaji ya msingi ya watu na viumbe, isipungue kiwango ambacho mto hukipita kwa asilimia 95 ya wakati. Kwa Tana hesabu hiyo ina maana. Kwa mto unaotiririka miezi minne tu, jibu ni sifuri, na mwenye pampu anaweza kukausha kidimbwi cha mwisho bila kugusa akiba yoyote ya kwenye karatasi. Mimi ningetaka akiba ya mito hii ihesabiwe kwa kina cha maji mchangani na kwa idadi ya vidimbwi vinavyofika mwisho wa kiangazi.

Wengi huniuliza kuhusu mabwawa ya mchanga kama yale ya Makueni na Machakos, yaani kuta zinazojengwa kukatiza mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kushika maji. Ni mazuri, panapofaa. Yanahitaji mwamba imara wa kuegemea na mchanga mnene. Kwenye mwamba wetu wa tope, ukuta huo huo utajaa matope yasiyotoa maji. Matope hayo tuliyaona baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998: yalishuka Mwache kwa wingi hata yakafukia mizizi ya mikoko, na sehemu kubwa ya mikoko ikafa. Ndiyo maana bwawa kubwa la Mwache, linalotarajiwa kuleta maji mjini, halitadumu bila vizuizi vya matope huko juu na bila wakulima wa Kinango kusaidiwa kushika udongo wao.

Fomu zetu siku hizi zina herufi nne: M kwa maji yanayotiririka, V kwa vidimbwi, K kwa kavu, na H pale ambapo hakuna aliyefika. Kando ya K huandikwa umbali kutoka juu ya mchanga hadi kwenye maji, ndani ya bomba lenye matundu tulilolizamisha mchangani. Kijana anayesoma vipimo aliandika K siku zote 28 za Februari iliyopita: sentimita 41, 41, 42, 44, yakishuka kidogo kidogo. Tarehe 17 yanaporomoka kutoka 52 hadi 70. Asubuhi hiyo kuna mtu aliteremsha pampu mtoni, mita chache kutoka kwenye bomba letu, kumwagilia shamba la mboga.