Kabla Bahari Haijawa Kijani

Chukua sahani nyeupe yenye upana wa sentimita 30, ifunge kamba, uishushe baharini taratibu huku ukiikazia macho. Pale inapopotea ndipo unapoandika kina. Kipimo hiki kina jina la padri Mwitalia, Angelo Secchi, aliyekifanyia majaribio mwaka 1865, na hadi leo tunakitumia. Katika Atlantiki ya Kaskazini, mwishoni mwa majira ya baridi kamba huteremka sana kabla sahani haijafifia. Wiki chache baadaye, palepale, inapotea baada ya mita chache tu. Maji yamejaa fitoplanktoni, vijimea vidogo mno vinavyofanya karibu nusu ya usanisinuru wote duniani.

Wengi husema kinachoyajaza maji vijimea hivi ni jua tu limerudi. Jua lina sehemu yake, lakini kijimea hiki hakina mizizi. Kinakwenda maji yanakokipeleka. Wakati wa baridi maji ya juu hupoa, huwa mazito na kuzama, na dhoruba huyakoroga hadi mamia ya mita kwenda chini. Kijimea kinachozungushwa humo hushinda gizani kwa muda mrefu, kikila akiba yake. Hata hivyo, mkorogo huohuo unaokinyima mwanga ndio unaopandisha virutubisho, yaani naitreti, fosfeti na silika, kutoka vilindini. Bila baridi ya kukoroga, vijimea havina cha kula.

Mwaka 1953 mwanasayansi wa bahari Harald Sverdrup wa Norway aliliweka jambo hili kama hesabu ya mapato na matumizi. Alitumia vipimo vya meli ya hali ya hewa iliyokaa katika Bahari ya Norway. Mwanga hupungua haraka kadiri unavyoshuka, ila kijimea hutumia nguvu kila kilipo. Tabaka linalokorogwa likiwa nene kupita kiasi, matumizi hushinda mapato. Likipungua unene, hesabu inageuka na vijimea vinaongezeka kwa kasi.

Sasa, nini hulipunguza? Kwa miaka mingi tulijibu: joto la jua, linalofanya maji ya juu kuwa mepesi yakaelea kama kifuniko. Hapa ndipo mikondo ilipotushangaza. Mwaka 2008 vyombo vinavyojiendesha vyenyewe vilifuatilia maji kusini mwa Iceland kuanzia Aprili hadi Juni. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2012 na mtafiti Amala Mahadevan na wenzake, yalionyesha kwamba maji mazito ya kaskazini na mepesi ya kusini hukaa ubavu kwa ubavu. Mizunguko ya maji yenye upana wa kilomita kadhaa huyalaza: mepesi huteleza juu, mazito huingia chini. Pepo za baridi hupambana na mtelezo huo. Zikilegea, mizunguko inashinda. Kifuniko hupatikana siku 20 hadi 30 kabla jua halijaweza kukitengeneza peke yake, na kwa mabaka, si kwa bahari nzima mara moja. Ndiyo maana picha za setilaiti huonyesha kijani kilichojisokota kama moshi.

Mjadala haujafungwa. Mtafiti Michael Behrenfeld alieleza mwaka 2010 kwamba ongezeko huanza katikati ya baridi, kwa sababu mkorogo wa kina hutawanya pia viumbe wadogo wanaokula vijimea, hivyo mla na mliwa hukutana kwa nadra. Mimi sioni kama hoja hizi zinafutana. Moja inaeleza mbegu inavyonusurika, nyingine inavyolipuka.

Mlipuko wenyewe haudumu. Kifuniko kilichowapa mwanga diatomu, vijimea vyenye ganda la silika linalong'aa kama kioo chini ya hadubini, sasa kinazuia chakula kupanda. Silika ikiisha, diatomu hushikamana na kuzama, zikibeba kaboni hadi vilindini. Wakati huo kopepodi, wanyama wadogo sana wa baharini, waliolala majira yote ya baridi chini sana, wameshapanda kuja kula na kuzaa, na samaki wachanga wanawategemea wao. Mizunguko ikiwahi au ikichelewa wiki tatu, ratiba hiyo yote inayumba.