Je, wajua kwa nini Uganda iliacha mipango ya miaka mitano, kisha ikairudia?

Keti na wazee wa Kampala, gusia miaka ya Idi Amin, na hutakosa kusikia maneno mawili: magendo na mafuta mingi. Magendo ni biashara ya mlango wa nyuma. Mafuta mingi ni wale walionona ghafla baada ya Wahindi kufukuzwa mwaka 1972 na maduka yao kugawiwa. (Mwalimu wa sarufi atataka "mafuta mengi", ila hicho ndicho Kiswahili cha kambini, na ndicho kilichobaki.)

Serikali kushika uchumi hakukuanza na Amin. Wakoloni walianzisha Shirika la Maendeleo la Uganda mwaka 1952, wakajenga bwawa la Owen Falls pale Jinja. Baada ya uhuru Milton Obote, kiongozi wa nchi kabla ya Amin, akaendelea na mipango ya miaka mitano, na tarehe 1 Mei 1970 akatangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za kampuni kubwa zaidi ya 80. Miezi tisa haikutimia, akapinduliwa na Amin.

Kasoro ya mtindo ule inaonekana vizuri zaidi kwenye kahawa. Bodi ya serikali pekee ndiyo iliyoruhusiwa kuiuza nje, na bei ya mkulima ilipangwa ofisini. Shilingi ikawa inaporomoka mtaani huku kiwango rasmi kikikaa palepale, hadi pesa ya gunia ikawa haitoshi hata sabuni na chumvi. Kisha baridi kali ikaunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikaruka. Mkulima wa Mlima Elgon angefanya nini? Alivusha kahawa yake usiku hadi Chepkube, upande wa Kenya. Mpango ulibaki kwenye makabati, mali ikapita porini.

Museveni naye alianza na udhibiti mwaka 1986, pamoja na biashara ya kubadilishana bidhaa na nchi nyingine. Mwaka uliofuata akageuka: noti mpya zilizokatwa sufuri mbili, na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Maduka ya kubadilisha fedha yakahalalishwa mwaka 1990, ukiritimba wa bodi ya kahawa ukavunjwa, na mwaka 1992 wizara ya mipango ikaunganishwa na ya fedha. Hoja ilikuwa nyepesi: usipange usichoweza kulipia. Umaskini ulishuka kutoka asilimia 56 mwaka huo hadi 31 mwaka 2005/06.

Basi kwa nini kurudi? Kwa sababu soko hununua kahawa, lakini halijengi barabara ya kuifikia, na nyingi bado huuzwa nje ikiwa mbichi. Mamlaka ya Mipango ya Taifa iliundwa kwa sheria ya 2002, na mpango mpya wa kwanza ukaanza 2010/11. Huu haupangi bei ya mtu; unailenga bajeti. Tangu sheria ya fedha ya 2015, Mamlaka hutoa cheti kueleza kama bajeti inafuata mpango. Kwangu hapo ndipo penye utamu na uchungu: Mamlaka inashika cheti, Wizara ya Fedha inashika mkoba.

Mpango wa maendeleo wa parishi (parishi ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), ulioanza 2022, umesogeza hela zenyewe chini: shilingi milioni 100 kwa kila parishi, kaya ikikopa hadi milioni moja. Mkulima akipanda mibuni kwa mkopo huo, atamuuzia mnunuzi anayemtaka, mchana kweupe.