"Udhaifu" wa Mtume Paulo ni udhaifu gani?

Jumamosi iliyopita, kwenye jumuiya yetu hapa Chumbageni, mama mmoja alieleza kwa taabu kwamba mumewe anakunywa mpaka ada ya watoto, na akirudi usiku ni kipigo. Mzee wetu akamjibu kwa upole: "Vumilia, mwanangu. Kila mtu ana udhaifu wake, na uweza wa Mungu hutimilika katika udhaifu." Watu wakaitika amina. Yule mama akavuta kanga, akafunika mkono.

Ni mara ya tatu mwaka huu nasikia andiko hilo likitumika hivyo, nami nimeshindwa kunyamaza.

Maana yenyewe ni fupi. Katika 2 Wakorintho 12, udhaifu ni kuishiwa nguvu: mwili umegoma, njia zimefungwa, huna la kufanya. Paulo anasema Mungu hufanya kazi hapo hapo, hangoji upate nguvu kwanza.

Kinachotuponza ni neno. Dhaifu tumelipata kwa Waarabu, na hapa Tanga jirani zetu Waislamu bado wanalitumia sawasawa: hadithi dhaifu, yaani simulizi ya maneno au matendo ya Mtume Muhammad, ni ile ambayo mlolongo wa wapokezi wake hauna nguvu ya kusimamisha hoja. Hakuna anayesema hadithi hiyo imetenda dhambi. Ni sisi tuliolifanya jina la heshima la tabia mbaya: ana udhaifu wa pombe, ana udhaifu wa wanawake. Kigiriki cha Paulo ni astheneia, kukosa nguvu, na ndilo neno ambalo wafasiri wetu waliliandika "magonjwa" pale Timotheo anapoambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Katika Luka 13 limesemwa juu ya yule mwanamke aliyepindana miaka 18, asiweze kujiinua. Mgongo ule ulikuwa tabia? Paulo mwenyewe anataja udhaifu, ufidhuli, misiba, adha na shida. Yote yalimpata yeye. Hakuna hata moja alilomtendea mwenzake.

Tena hakuupenda ule "mwiba" wa mwilini anaousimulia katika sura hiyo ya 12. Alimsihi Bwana mara tatu umtoke. Na Yerusalemu, askari wa Kirumi walipomfunga ili apigwe mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa, wakamwacha.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Anaposema uweza wa Kristo "ukae juu yangu", kitenzi cha Kigiriki kimetoka kwenye hema: upige hema juu yangu. Na aliyeandika ni fundi mahema, aliyeifanya kazi hiyo Korintho kwenyewe, akikaa kwa Akila na Prisila. Kila nikifika hapo namwona mama yangu, aliyepooza upande wa kulia. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutoa, kupokea alikuwa hajui. Sasa kikombe cha uji nakishika mimi. Akimaliza ananiwekea mkono wa kushoto kichwani na kuwaombea wanangu, mmoja mmoja kwa jina, maneno yakikwama njiani. Alipokuwa mzima sikuwahi kuombewa namna ile. Nguvu hiyo si yake, naye anajua.

Mzee wangu, shikamoo. Najua ulitaka kumfariji yule mama, na nia yako naiheshimu. Lakini anachofanya mumewe kinaitwa kosa, na kosa hutubiwa. Aliyeishiwa nguvu pale kwenye mkeka alikuwa yule mama. Jumapili tukitoka ibadani, naomba twende wote wawili, mimi na wewe, tukamwulize usiku anakimbilia wapi.